Ukienda Padua kwa Mtakatifu Antoni, fuata muujiza mmoja

Hakuna parokia nyingi huku kwetu zisizo na jumuiya, kwaya au angalau sanamu ya Mtakatifu Antoni wa Padua, na waamini wengi humtambua mara moja kwa Mtoto Yesu aliyembeba na ua la yungiyungi mkononi, kisha humkumbuka pale funguo zinapopotea. Anayefika Padua, kaskazini mwa Italia, akiwa na picha hiyo peke yake kichwani, hugusa kaburi, hununua rozari, hupiga picha ya makuba kutoka uwanjani na kurudi Venezia kwa treni ya jioni, asijue kwamba amepita katikati ya kazi za wachongaji Donatello na ndugu wawili wa ukoo wa Lombardo, na za mchoraji Tiziano, zote zikisimulia habari za mhubiri mkali zaidi kuliko yule wa sanamu za parokiani. Nimekwenda Padua kama hujaji, na baadaye nikarudi kwa sababu ya sanaa, na ushauri ninaoutoa kwa kila anayeniuliza ni mmoja: usijaribu kuona kila kitu, chagua muujiza mmoja, au miwili ukipenda, ujifunze hadithi yake ungali nyumbani, halafu uifuate ndani ya eneo lile moja dogo, kutoka kwenye marumaru hadi kwenye shaba nyeusi, na kutoka kwenye shaba hadi kwenye rangi za ukutani.

Kabla ya miujiza, yafaa kumjua mtu mwenyewe. Alizaliwa Lisbon, Ureno, mnamo 1195, akaitwa Fernando, akawa mtawa wa Kiaugustino na msomi wa Maandiko huko Coimbra. Mwaka 1220 miili ya Wafransisko watano waliouawa Moroko ililetwa mjini humo, naye akaguswa kiasi cha kuhama shirika, kubadili jina na kupanda meli kuelekea Moroko ili afe kama wao. Aliugua huko, na meli iliyokuwa ikimrudisha nyumbani ikasukumwa na upepo mpaka Sisilia. Ndivyo Mreno huyu alivyojikuta Italia, akavuma kwa mahubiri tangu mwaka 1222 alipoamriwa kuhubiri kule Forlì bila kujiandaa, na akafa tarehe 13 Juni 1231 akiwa na miaka 36 hivi. Papa Gregori IX alimtangaza mtakatifu tarehe 30 Mei 1232, kabla hata ya mwaka kutimia. Ukilishika hilo, utaelewa kwa nini wasanii wa zamani humpa kitabu: walimwona kama mwalimu, na Kanisa lenyewe lilimpa rasmi cheo cha Mwalimu wa Kanisa mwaka 1946.

Sasa chukua miujiza miwili ambayo ningemshauri mgeni aianze nayo. Wa kwanza ni wa mtoto mchanga. Mume mmoja alimshuku mkewe na kukataa kwamba mtoto aliyezaliwa ni wake. Antoni akamwambia mtoto aseme, naye, ingawa alikuwa na siku chache tu tangu azaliwe, akasema wazi baba yake ni nani. Wa pili ni wa kijana aliyeungama kwamba amempiga mama yake teke. Antoni alimwambia kwamba mguu unaompiga mzazi unastahili kukatwa, na kijana akarudi nyumbani akaukata kweli. Mtakatifu alipoitwa akaurudishia mahali pake, ukaunga. Nimewahi kuzisimulia hadithi hizi mbili kwenye jumuiya, na sijaona watu wakihitaji ufafanuzi: shaka ya mume juu ya mtoto na laana ya kumwinulia mzazi mkono ni mambo ambayo kila ukoo una kikao chake.

Ukiingia katika basilika, ambayo Wapadua huiita kwa kifupi Il Santo, anzia kaburini. Kikanisa cha kaburi kiko upande wa kushoto. Nenda mapema asubuhi, kwa sababu makundi ya mabasi yakishafika foleni huwa ndefu na hutasimama kwa raha. Watu hupita nyuma ya altare, huweka kiganja juu ya jiwe la marumaru ya kijani na kuinamisha kichwa. Wengine huacha picha za watoto, za wagonjwa, za magari yaliyopondeka ambamo mtu alitoka mzima. Kama ndugu na majirani wamekupa nia za kuombea, kama ilivyo desturi yetu mtu akisafiri kwenda mahali patakatifu, ziandike kwenye karatasi ungali nyumbani, kwani ukiwa pale, mkono juu ya jiwe na watu wakisubiri nyuma yako, hutakumbuka nusu yake. Mabega na magoti yafunikwe. Kitenge kimoja begani kinamaliza suala hilo. Kupiga picha ndani hakuruhusiwi, na kwa maoni yangu ni amri nzuri, maana inakulazimisha kutazama.

Ukiwa bado kwenye foleni ya kaburi, inua macho. Kuta za kikanisa hicho zimezungukwa na michongo tisa mikubwa ya marumaru ya karne ya 16, na miujiza yetu yote miwili imo. Antonio Lombardo alichonga ule wa mtoto mchanga, na nduguye Tullio akachonga ule wa mguu. Watu wao wamesimama kwa utulivu kama katika michongo ya Warumi wa kale, nguo zimekunjika kwa mpangilio, hata huzuni yao ina adabu. Hapa uko karibu sana na kazi, hivyo tumia muda wako kwenye mikono na nyuso. Ukiharakisha hapa kwa sababu umesikia sifa za Donatello, utapoteza kipimo cha kumlinganisha naye.

Donatello ndiye anayehitaji maandalizi. Altare kuu alitengeneza kati ya 1446 na 1450, nayo ina sanamu za shaba nyeusi za Bikira Maria na watakatifu sita, Antoni na Fransisko wakiwemo, pamoja na michongo minne ya miujiza: mtoto mchanga, mguu, moyo wa bahili, na nyumbu aliyepiga magoti mbele ya Ekaristi. Unachokiona leo ni mpangilio wa mwaka 1895 uliofanywa na msanifu Camillo Boito, kwa kuwa altare ya awali ilivunjwa, basi usishangae ukisoma mabishano ya wataalamu kuhusu sanamu ipi ilikaa wapi. Shida ya mgeni ni umbali. Kila mchongo una kimo cha sentimita 57 tu na upana wa sentimita 123, ndani yake kuna umati mzima wa watu, na wewe unazuiwa nje ya eneo la altare. Beba darubini ndogo. Nalisema hili kwa msisitizo kuliko ushauri mwingine wowote wa vitendo katika makala hii, kwa sababu bila darubini utaona vibao vyeusi vinavyomeremeta, na kwa darubini utaona watu wakikanyagana, wakipanda nguzo, wakinyoosha shingo ili waone mguu ukiunga. Tofauti na Tullio Lombardo inakuwa dhahiri: Tullio, aliyefanya kazi yake zaidi ya nusu karne baadaye, alituliza umati ule ule ambao Donatello aliuacha uchachamae.

Kituo cha tatu hakimo basilikani, na ndicho wageni wengi hukiruka. Kando ya uwanja huo huo kuna jengo la chama cha kidugu cha Mtakatifu Antoni, Scuola del Santo, na kwenye ukumbi wa ghorofani Tiziano, akiwa bado kijana, alichora mwaka 1511 michoro mitatu ya ukutani. Kuna kiingilio, lakini mara nyingi watu ni wachache. Mtoto mchanga yumo, mguu umo, na wa tatu ni wa mume mwenye wivu aliyemchoma mkewe kisu. Michoro mingine ya ukumbi huo ni ya mikono mbalimbali, na unaweza kuipitia upesi. Simama kwenye mchoro wa mume mwenye wivu hata kama hukuuchagua, kwa sababu Tiziano ameweka ukatili mbele kabisa, mwanamke yuko chini na kisu kiko juu, huku mtakatifu akiwa mdogo kule nyuma, mume akimpigia magoti kuomba msamaha. Sijaona kwingine mchoraji aliyethubutu kumweka mwenye sikukuu pembeni namna hiyo ili wauaji wa majumbani wajione.

Mwenye muda wa kutosha auongeze muujiza wa bahili, kwa sababu huo unatoka nje ya kanisa na kuingia katika historia ya mji. Antoni alihubiri kwenye mazishi ya mla riba kwamba moyo wa mtu uko ilipo hazina yake. Kifua kikapasuliwa, moyo haukuwemo, ukakutwa ndani ya sanduku la fedha. Donatello anao kwa shaba na Tullio Lombardo kwa marumaru. Hiyo ni hadithi, lakini sheria iliyofuata si hadithi: tarehe 15 Machi 1231, kwa maombi ya Antoni, mji wa Padua ulipitisha kanuni kwamba mdaiwa aliyekwisha kutoa mali yake yote asifungwe gerezani. Wanaojua mikopo ya kausha damu hawatahitaji kuelezwa kwa nini maskini walimlilia. Ndiyo maana sioni kama ni kutoka nje ya hija kwenda kwenye kikanisa cha Scrovegni upande wa pili wa mji, kilichowekwa wakfu mwaka 1305 na kupambwa kwa michoro ya ukutani ya mchoraji Giotto. Aliyekijenga, Enrico Scrovegni, alikuwa mwana wa Reginaldo, mla riba ambaye mshairi Dante alimweka motoni katika utenzi wake, na katika mchoro wa Hukumu ya Mwisho Giotto amemchora Enrico akimtolea Bikira Maria kikanisa chenyewe. Tiketi ni lazima ikatwe mapema kwa intaneti. Kila kundi husubiri kwanza katika chumba cha kusawazisha hewa, halafu huruhusiwa kukaa ndani kwa muda mfupi tu.

Rudi basilikani kwa kikanisa cha masalia, nyuma ya altare kuu. Mwaka 1263, mwili ulipohamishiwa katika kanisa jipya, Bonaventura, aliyekuwa mkuu wa Wafransisko, aliukuta ulimi haujaoza, nao unaonyeshwa humo pamoja na taya. Wengine hawapendi kutazama viungo vya mwili, na sioni ubaya kupita haraka. Jambo moja litawafanya hata hao watabasamu: Oktoba 1991 majambazi wenye silaha waliiba chombo chenye taya ya mtakatifu anayeombwa kwa vitu vilivyopotea, na Desemba ya mwaka huo huo kikapatikana.

Sehemu mbili za nje ya katikati ya mji zinastahili siku ya pili. Arcella, ambako alifia, iko upande wa pili wa reli, na tramu inayopita karibu na basilika hukufikisha huko pia. Kanisa ni la karne ya 19, lakini ndani kimehifadhiwa chumba cha kifo chake, na waliopo ni waamini wa mtaani zaidi kuliko watalii. Camposampiero, kilomita 20 hivi kaskazini, ndiko alikopumzika majuma yake ya mwisho, akakaa katika kijumba kilichojengwa juu ya mti wa jozi wa kabaila Tiso, na ndiko pia masimulizi yanakoweka ono la Mtoto Yesu, chanzo cha ile sanamu ya parokiani. Kuna njia ya mahujaji ya kutembea kutoka huko hadi Padua, ikifuata safari ya gari la ng'ombe lililombeba akiwa mahututi. Ardhi ni tambarare, ila kiangazi jua huwa kali na kivuli ni kidogo, kwa hiyo panda treni ya alfajiri kwenda Camposampiero na uanze kutembea mapema, si kinyume chake.

Kuhusu tarehe, ukitaka ibada chagua siku kumi na tatu zinazoishia kwenye sikukuu ya tarehe 13 Juni, yenye maandamano ya masalia mitaani; ukitaka sanaa, ikimbie Juni kabisa. Jumanne yoyote ni nzuri kwa hujaji, kwa sababu alizikwa Jumanne na ibada ya siku hiyo imebaki. Na kama ndege yako inapitia Lisbon, kanisa dogo lililojengwa mahali alipozaliwa liko hatua chache tu kutoka katedrali, na saa moja inatosha.