Shangazi, nimwambie mume wangu aache kuruka?

Barua ya leo imetoka kwa mama mzaliwa wa hapa hapa Malindi. Mumewe ni rubani wa misheni kule Sudan Kusini, ana miaka 43, anarusha Cessna Caravan peke yake kutoka Juba kupeleka dawa, walimu na wagonjwa kwenye viwanja vya udongo. Saa hii wako nyumbani likizo. Anasema mumewe akiwa angani yeye hawezi kula mpaka simu ilie, watoto anawasomesha mwenyewe nyumbani, mume siku hizi halali na habari ya daktari hataki kuisikia, ndugu wa Malindi wanapiga foleni wakijua rubani ana madola, halafu Jumapili anaitwa mbele kanisani atoe ushuhuda wa furaha. Anauliza: "Nimwambie aache, ama nitakuwa nampiga vita Mungu?"

Pole sana mwanangu. Hilo la kumpiga vita Mungu litoe kichwani leo, mke kusema amechoka si vita na mtu.

Iliyonikaa ni pale unaposema wakaanga samaki na simu umeiegemeza kwenye mtungi wa maji, mafuta yaungua wewe watazama simu. Wake wa wavuvi wa Ngomeni na Mayungu wanaijua hiyo, kusi ikivuma na mtumbwi haujaonekana, lakini wale wangoja pamoja, mmoja ashika mtoto wa mwenziwe mwengine apiga simu huku na huku na saa zinapita. Wewe wangoja peke yako jikoni kwa watu, majirani waongea Kiarabu cha Juba, na mvua ikishuka unajua ule udongo mweusi unavyonasa magurudumu. Hiyo si imani haba jamani, ni mwili umechoka kuogopa. Sasa fanya hivi, muombe mtu wa ofisi ya ndege kule Juba akutumie ujumbe kila mumeo akitua, maneno mawili tu, "katua salama". Wao kazi yao ni kufuatilia ndege iko wapi, mara nyingi wanajua kabla yako, na hakuna sababu wewe uwe wa mwisho kujua. Na wake wa marubani wengine mlio nao huko watafute, msikutane kwa sala tu, kutaneni siku za kungoja.

Kwa mumeo ndipo nataka uwe mkali kidogo. Mimi naelewa anachoogopa. Leseni inasimama juu ya cheti cha daktari wa marubani, na kwa kanuni za kimataifa aliyepita miaka 40 anayebeba abiria kibiashara bila rubani mwenzake anapimwa kila miezi 6 badala ya 12, kwa hivyo anaona akitamka tu kwamba halali basi ndege wamemnyang'anya na familia imekwama. Lakini kanuni hizo hizo zinamkataza kuruka akijijua mwili hauko sawa, na usiku mzima macho kodo halafu alfajiri anapanda na roho za watu nyuma, hapana mwanangu, hapo hata sibembelezi. Kukosa usingizi kunatibika. Kupumzishwa wiki kadhaa si kufukuzwa. Ulaya tangu 2021 mashirika ya ndege yanalazimika kuwa na utaratibu wa marubani kusaidiana mambo ya akili, manake ilionekana wengi wanajificha kwa uoga huo huo wa mumeo. Aanze kwa rubani mwenzake anayemuamini, kisha daktari, na iwe likizo hii.

Ndugu nao. Watu hapa wakisikia rubani wanaona jumba la ghorofa, hawajui wa misheni mara nyingi anaishi kwa michango ya makanisa na marafiki, na ile pesa nyingi wanayoiona inaishia kwenye tangi, Caravan ikiruka saa moja si chini ya lita 150. Mwambie hivyo shemejio, kwa upole, kabla hajaleta habari ya karo ya mtoto wa tatu, na mkubaliane na mumeo kiasi gani mnaweza kusaidia kwa mwaka, kikiisha kimeisha. Mama mkwe aambiwe na mwanawe, usibebe hilo wewe, utaitwa mchoyo bure.

Na kanisani sema ukweli. Mmishonari Krapf alipoingia Mombasa 1844 mkewe Rosina na kichanga chao walikufa mwaka huo huo, wamezikwa ng'ambo upande wa Nyali, kwa hivyo pwani hii hakuna anayeweza kusema hajui kazi ya misheni inawala nani. Wanaokuchangia wakisikia "tunachoka, mume wangu halali, tuombeeni na hilo" hawatakimbia, na atakayekimbia hakuwa wako.

Sasa swali lako. Usimwambie aache, usimwambie aendelee pia. Mwambie ulivyoniandikia mimi, lile la simu na mafuta kuungua, watoto wakiwa wamelala, na usimalizie na "lakini niko sawa" kama ulivyozoea. Halafu muandikie misheni nyote wawili mkiomba likizo iongezwe mpaka aonwe na daktari. Tiketi ya kurudi isikatwe kabla ya jibu.