Makaa ya mawe yanafungika, mbona Uingereza wameweza

Ndugu umesema nchi ikizima mitambo ya makaa ya mawe itabaki gizani, hapana, angalia Uingereza, hao ndo walianza umeme wa makaa 1882 pale London na 2012 bado karibu asilimia 40 ya umeme wao ulitoka huko, lakini tarehe 30 Septemba 2024 wakafunga mtambo wa mwisho, Ratcliffe-on-Soar, na taa zinawaka. Kilichofanya kazi ni sera, 2013 waliweka kiwango cha chini kabisa cha bei ya kaboni, yaani malipo ya kila tani ya hewa ya ukaa mtambo unayotoa, ikawa juu ya bei ya soko la Ulaya la vibali vya kutoa hewa hiyo, makaa yakawa ghali kuliko gesi, wenye mitambo wenyewe wakaanza kufunga, huku upepo wa baharini unapewa mikataba ya bei ya uhakika ya miaka 15. Ila gesi bado wanachoma, hilo tusifiche.

Mi kinachoniuma ni wafanyakazi. Ujerumani sheria yao ya 2020 inataka makaa yaishe mwisho kabisa 2038, na wametenga mpaka euro bilioni 40 kwa mikoa ya migodi, hapo ndo serikali nyingi zinakwepa, zinatangaza mwaka wa kufunga tu basi.