Kupanga Watoa Mada na Vikao: Niliyojifunza Unguja

Mwaka wa kwanza nilipopewa kazi ya kuratibu mada katika mkutano wa watengeneza programu hapa Unguja, nilimwandikia mgeni mmoja kwamba kikao chake ni saa 2:30. Nilikusudia asubuhi, kwa saa zetu. Yeye alisoma kama wasomavyo kwao, akaingia ukumbini mchana, kompyuta ameibana kwapani, akakuta watu wanarudi kutoka kwenye chakula na kikao chake kimekwishapita kwa saa sita kamili. Kosa lilikuwa langu. Tangu hapo kila barua yangu kwa mtoa mada huitaja saa mara mbili, 2:30 asubuhi kwa Kiswahili na 08:30 kwa saa ya kimataifa, wala sioni haya kuirudia tena siku moja kabla.

Mwito wa mada utolewe miezi mitano mapema, kwa sababu mkutano wa aina hii, mfano wa DjangoCon Africa (mkutano wa watumiaji wa Django, zana ya kutengenezea tovuti) uliofanyika hapa Zanzibar Novemba 2023, huwaita watu wa nchi mbalimbali, na viza, tiketi na ruhusa za kazini hazipatikani kwa wiki mbili. Mada zikishafika, tunazisoma kwanza bila majina ya waandishi. Jambo hili nalisisitiza kuliko yote, kwani jina likionekana, kamati humpa nafasi mtu maarufu kabla haijasoma aya ya pili. Mwaka mmoja tulikuwa na andiko lenye kichwa kikubwa kuhusu mustakabali wa akili mnemba, na jingine fupi lililoeleza jinsi programu ya kupimia karafuu inavyohifadhi uzani ndani ya simu pale mtandao unapokatika, kisha ikazipeleka takwimu bila kurudufu hata mzigo mmoja. La kwanza halikusema msikilizaji ataondoka na nini. La pili lilikuwa na mfano wa msimbo, yaani maagizo ya programu yenyewe, tayari. Tulipofunua majina, la pili lilikuwa la binti kutoka Wete ambaye hajawahi kusimama mbele ya watu, basi tukampangia mzoefu mmoja wa kufanya naye mazoezi mara tatu.

Ratiba yenyewe iheshimu siku ya mahali. Ijumaa vikao vya asubuhi vifungwe kabla ya saa sita mchana, na vya mchana visianze kabla ya saa nane, ili wanaokwenda kuswali wasirudi wakihema. Mada nzito za usalama wa mifumo au hifadhidata niziweke asubuhi. Baada ya biriani, hakuna anayefuatilia mchoro wa seva. Kati ya kikao na kikao ziachwe dakika kumi, kwani kebo ya projekta haikosi kisa.

Anayetoka Dar es Salaam avuke siku moja kabla. Boti huchukua takriban saa mbili, lakini msimu wa kusi bahari haina ahadi, na sijaona busara ya kumpa kikao cha kwanza mtu aliye bado baharini. Onyesho lolote linalotegemea intaneti lirekodiwe kabla, na mtoa mada mmoja wa akiba aalikwe rasmi, apewe beji na posho sawa na wenziwe, hata kama hatapanda jukwaani.