Mamako hakuwa mjinga: nilivyolizwa na namba ya binamu yangu

Umeuliza mambo mawili. Kwanza, vipi mamako, mtu mzima asiye na pupa ya pesa, alituma shilingi 18,000 kwa namba asiyoijua kwa sababu tu ujumbe ulitoka kwenye WhatsApp ya mwanawe. Pili, vipi atawatambua matapeli mara nyingine. Nitajibu kwa urefu, maana mimi mwenyewe nililizwa vivyo hivyo hapa Lamu. Isitoshe, kazi yangu ni kusimamia nyumba za wageni Shela, na utapeli wa mtandaoni huniletea watu mpaka mlangoni wakiwa na mabegi yao.

Nianze na langu. Ilikuwa mwaka juzi, wiki ya Maulidi. Anayeijua Lamu wiki ile ajua: msikitini Riyadha hakuna pa kuweka mguu, kila nyumba ina wageni waliolala ukumbini, na pesa zapita mkono kwa mkono bila hesabu. Saa nne usiku ikaingia meseji ya binamu yangu, nahodha wa mashua. Namba ni yake, picha ni yake, na juu yake yapo mazungumzo yetu yote ya nyuma. Imeandikwa: "Habari za jioni. Samahani kwa usumbufu. Nimekwama kidogo, M-Pesa yangu imefika kikomo cha siku. Naomba unitumie 12,000 kwa namba hii, nitakurudishia kesho asubuhi."

Mtu wa Amu, yaani Lamu, asome tena maneno hayo. Binamu yangu hajapata kuniambia "samahani kwa usumbufu" tangu tuzaliwe. Yeye huandika kama asemavyo: jana kwake ni yana, moja ni moya, na akitaka pesa huanza kwa kunitukana kwa utani. Kile kilikuwa Kiswahili cha taarifa ya habari. Na wallahi niliona. Nikajiambia pengine yuko na wageni, ajitia adabu. Nilitaka kumpigia, haya ikanishika. Nimpigie nimuulize nini? "Ni wewe kweli?" Mtu tuliyelala kitanda kimoja utotoni, aombe 12,000 nami nimpekue kama askari wa zamu? Kabla ya kutuma, M-Pesa ilinionyesha jina la mpokeaji, jina la mtu nisiyemjua. Nikalisoma, nikabonyeza. Dakika kumi baadaye ikaja nyingine: "Ongeza 8,000 tafadhali." Hapo ndipo nilipopiga simu. Binamu akapokea kwa sauti ya usingizi. WhatsApp yake ilikuwa imemtoka tangu alasiri, na yeye alidhani ni simu imeharibika.

Kwa hivyo muulize mamako polepole, bila kumgombeza: kuna kitu kilimshtua? Nina hakika atakwambia kipo. Neno ambalo mwanawe halitumii, au salamu isiyo yake, au ile namba ngeni. Wengi wetu dalili twaziona. Kinachotuponza ni kuona aibu kumhoji mtu wetu, na tapeli aijua aibu hiyo kuliko anavyolijua jina lako. Ndiyo sababu hajitambulishi kama mgeni siku hizi. Anakuja amevaa uso wa jamaa.

Akaunti yenyewe huibwa hivi. Mwizi anaingiza namba yako kwenye WhatsApp ya simu yake. Ili kuthibitisha kwamba namba ni yako, WhatsApp inatuma kodi, yaani msimbo wa tarakimu sita, kwa SMS, na SMS hiyo inaingia kwenye simu yako wewe. Anachohitaji sasa ni umsomee. Binamu yangu aliombwa na "rafiki" aliye naye kwenye kundi la kamati ya harusi: "Nimekutumia kodi ya kundi kimakosa, nisaidie kunirudishia." Rafiki huyo naye alikuwa ameibwa asubuhi yake. Ni mnyororo, kila pete yake ni mtu mnayefahamiana. Kuna na mtindo wa kukuambia ubonyeze namba fulani zenye nyota na alama ya reli (#) mwishoni ili "kusajili laini upya", kumbe unaelekeza simu zako ziingie kwake, halafu anaiomba WhatsApp isome kodi kwa sauti. Ukibonyeza *#21# utaona kama simu zako zimeelekezwa pengine, na ##002# huondoa maelekezo yote.

Dawa ya kuibwa ni kuingiza namba yako upya kwenye WhatsApp, uombe kodi mpya, uiandike. Papo hapo mwizi anatolewa. Binamu alifanya hivyo, lakini akakuta ameulizwa na PIN, kwa sababu mwizi alikuwa ameiweka yake. Akangoja siku 7, ndivyo WhatsApp walivyopanga kwa asiyeijua PIN. Siku 7 nahodha bila WhatsApp msimu wa wageni, hesabu mwenyewe. Lakini walau mwizi naye alikuwa keshafungiwa nje. Hiyo PIN ndiyo kitu cha kwanza cha kumwekea mamako leo, kabla hujamaliza kusoma hapa: Mipangilio, Akaunti, Uthibitishaji wa hatua mbili. Aweke namba anayoikumbuka, si mwaka wake wa kuzaliwa.

Nije kwenye nyumba, maana huku ndiko nilikoona mengi zaidi. Desemba moja, jua lazama, familia ikashuka gatini Shela: baba, mama, watoto watatu na bibi yao. Wametoka Nairobi kwa gari mpaka Mokowe, wakavuka kwa boti. Wananionyesha simu: nyumba yenye kidaka cha chokaa, kitanda cha samadari, baraza ya juu yenye kutazama bahari. Ni nyumba ninayoisimamia mimi. Ndani yake wamo wageni wengine tangu siku tatu. Wale walikuwa wamelipa arbuni ya 35,000 kwa ukurasa wa Facebook ulioiba picha zetu na kuziweka bei nusu. Wakipiga ile namba, haipatikani. Yule bibi alikaa kwenye baraza ya nje, akavua viatu, akaniuliza kwa upole kama kuna maji ya kunywa. Sijaona aibu kama ile, na kosa si langu. Kwa bahati jirani alikuwa na vyumba viwili, tukawabana humo.

Usiku ule mimi na yule baba tulikaa tukaufungua ukurasa ule. Facebook ina sehemu inayoonyesha uwazi wa ukurasa: ulianzishwa lini, umebadilisha jina mara ngapi, na mara nyingine wanaousimamia wako nchi gani. Huu ulikuwa na umri wa wiki tano, na kabla ya kuwa "nyumba za Lamu" ulikuwa unauza viatu. Maoni ya kusifu yalikuwa mengi, yote ya siku mbili zile zile. Picha moja tukaitafuta kwa Google Lens, ikaja kwenye tangazo letu la miaka iliyopita. Yote hayo yalituchukua chini ya robo saa. Yule baba akaguna tu, akasema, "Na mimi ni mhasibu."

Ukitaka kukodi nyumba huku, mwombe mwenye tangazo akupigie simu ya video sasa hivi, atoke nje mpaka mlangoni akuonyeshe njia. Anayesimamia nyumba kweli atalalamika kwamba yuko sokoni, lakini baada ya saa moja atakupigia. Tapeli ana sababu: kamera imevunjika, mtandao mbovu, mteja mwingine ameshaitaka, lipa leo. Hiyo "lipa leo" ndiyo ninayoichukia. Nami huwaambia wageni wangu watake kwanza majina mawili ya watu wa mji watakaowauliza. Lamu si Nairobi. Uliza mtu yeyote gatini nyumba fulani ni ya nani, atakutajia na babu yake.

Mengine nitayapitia mbio. Mkopo wa Facebook unaotaka utume kwanza "ada ya kushughulikia" si mkopo. Zawadi usiyoishindania vilevile. Kazi za bandarini au za Ghuba zinazouzwa kwa fomu kwenye WhatsApp: mawakala wa kupeleka watu nje husajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, kwa hivyo kagua jina huko kabla ya kutoa hata shilingi ya pasi. Mchumba wa Ulaya ambaye kifurushi chake kimekwama kwenye forodha ya uwanja wa ndege, huyo tushamzoea pwani nzima, kuanzia Malindi mpaka huku. Anayepiga akisema ni huduma kwa wateja wa Safaricom na si kutoka 0722 000 000, kata simu.

Moja tu niliongezee neno, kwa sababu vijana wetu wanaliwa sana nalo: zile kazi za Telegram za kupenda video na kulipwa. Mwanzo hulipwa kweli. Kijana wa jirani alilipwa 200, kisha 450, akaja kututambia barazani. Siku ya nne akaambiwa aweke 3,000 afungue "daraja la juu", akaweka, akaona kwenye skrini salio limepanda hadi 7,000. Zile 7,000 ni tarakimu tu alizoandikiwa. Kuzitoa akatakiwa alipe ushuru, kisha ushuru wa ushuru. Alikuwa keshauza simu ya mamake alipotuambia. Zile 200 za mwanzo zilikuwa chambo, na mvuvi yeyote ajua chambo si hasara.

Pesa ikishatoka, saa ya kwanza ndiyo yenye maana. Sambaza ujumbe wa M-Pesa wa muamala ule kwa 456 kuomba urudishwe. Kama mpokeaji hajatoa, una tumaini. Mimi nilichelewa dakika arobaini, nikakuta zimeshatolewa. SMS za utapeli kwenye laini ya Safaricom zisambaze kwa 333, ni bure. Kisha nenda kituo cha polisi ukaandikishe OB, yaani ripoti kwenye kitabu chao cha matukio, hata ukiona ni usumbufu, au piga simu ya bure ya DCI, idara ya upelelezi wa jinai, 0800 722 203. Kujifanya mtu mwingine mtandaoni ni kosa chini ya sheria ya uhalifu wa mitandao ya 2018, na bila OB huna pa kuanzia. Jambo la mwisho, na gumu: tangaza kwenye makundi yote ya jamaa kwamba umeibwa. Binamu yangu aliona haya kutangaza usiku ule, na kufikia asubuhi shangazi yetu wa mtaa wa Langoni naye alikuwa ametoa 5,000.

Baada ya hapo tulikaa kikao cha familia. Hatukuweka neno la siri wala nini, tutalisahau. Tulikubaliana hivi: anayeomba pesa kwa maandishi atapigiwa simu ya kawaida, si ya WhatsApp, na ni marufuku kununa. Yule shangazi ndiye amekuwa mkali kuliko wote. Juzi nilimwandikia nikiwa njiani kutoka Mokowe, nataka 500 tu ya kumlipa mtu wa boti. Akanipigia. Upepo wavuma, mashine yanguruma, hasikii kitu. Nikapaza sauti kwamba ni mimi, ni mimi. Akasema sauti yangu haieleweki, nifike nchi kavu kwanza nipige tena.