Nyumba imeungua, mitihani inakaribia

SWALI: Jambo Mama. Nasoma sheria, mwaka wa pili, hapa Bukavu. Moto wa Nyamugo umeteketeza nyumba yetu pamoja na pesa ya minervali (ada ya chuo) iliyobaki. Niache masomo? – Msomaji, Kadutu

JIBU: Pole sana, mwanangu. Usiache, wala usinyamaze. Mwombe kwanza mkuu wa kata akuandikie cheti kwamba mmeunguliwa. Kisha mwandikie katibu mkuu wa masomo barua fupi: tarehe ya moto, ulichokwisha kulipa, kilichobaki, na namna utakavyolipa kidogo kidogo. Risiti zikiwa zimeungua, omba nakala kwa mhasibu. Peleka barua nakala mbili, na ile yako ipigwe muhuri wa mapokezi palepale mbele yako. Nakazia muhuri huo, kwani bila muhuri huna la kuonyesha barua ikipotea. Omba ruhusa ya kufanya mtihani huku ukilipa; kusamehewa deni lote ni kugumu zaidi. Mkuu wa promosheni, yaani kiongozi wa wanafunzi wa mwaka wenu, naye ajue, wenzako wachange. Kama unasali parokiani, waulize Caritas, shirika la misaada la Kanisa Katoliki. Ila mkopo wa riba, ule wa kuacha kadi ya mwanafunzi rehani, naukataa kabisa! Kadi hiyo utadaiwa mlangoni pa mtihani.