Doom bila Jehanamu: mmeuliza, najibu

Wiki mbili zilizopita niliandika mstari mmoja tu, kwamba Doom ya mwaka 2005 ni filamu inayoionea aibu gemu iliyoizaa. Tangu siku hiyo simu haijatulia. Haya hapa maswali niliyoona yana nyama.

Gemu sijawahi kuicheza, muvi nimeiona na nikaipenda. Ninyi mnalalamikia nini hasa? (Msomaji, Morogoro)

Umeipenda, na hakuna wa kukunyang'anya hilo. Ila ujue gemu yenyewe ilikuwaje. Ilitoka Desemba 1993, kazi ya id Software ya Marekani, na hadithi yake inatosha kuandikwa kwenye kiganja. Kwenye miezi miwili ya sayari ya Mars, Phobos na Deimos, wanasayansi wanajaribu kusafirisha vitu papo kwa papo. Lango linafungukia kusikotakiwa, na wanaotoka ni mashetani. Jehanamu yenyewe, moto na mapembe. Wewe ni askari mmoja, una bunduki. Basi.

Filamu ikachukua jina, silaha na baadhi ya viumbe, Jehanamu ikaiacha mlangoni. Mazimwi wake ni watu waliopandikizwa kromosomu za ziada. Kikosi cha askari wanane kinatumwa Mars, kinapita kwenye korido za giza, kinapukutika mmoja mmoja. Hiyo tumeshaiona mara ngapi? Wapo mashabiki wa kugombania rangi ya helmeti, hao siwatetei. Lakini wengi walidai kitu kimoja tu: shetani. Umeagiza pweza wa nazi, unaletewa mchuzi wa nazi wenye harufu ya pweza, halafu unaambiwa una makuu.

Mimi niliiona mara ya kwanza kwenye kibanda umiza, benchi la mbao, diski yenye mikwaruzo, na DJ anayetia Kiswahili juu ya sauti. Ikafika pale wanapoanza kueleza mambo ya kromosomu. Wanaongea, wanaongea. DJ kanyamaza, kisha kwa upole kabisa akasema: "Jamani, anachosema hapa ni kwamba kuna mashetani." Kibanda kizima kikaitikia. Sentensi moja tu, na muvi ikarudi kwenye mstari.

Wanataja Olduvai humo ndani. Ni hii ya kwetu au masikio yangu? (Msomaji, Karatu)

Masikio yako mazima. Kituo cha utafiti huko Mars kinaitwa Olduvai, na si bahati mbaya. Kwa mujibu wa filamu, mwaka 2026 wanaakiolojia wanafukua lango la kale katika jangwa la Nevada. Ukiingia unatokea Mars, kwenye mji uliokufa zamani. Miaka 20 baadaye ndipo mambo yanaharibika. Huko wamepata mifupa ya viumbe kama sisi, mama amemkumbatia mtoto, na filamu inadokeza kwamba baadhi yao walikimbilia Duniani. Yaani chimbuko la binadamu limehamishwa kutoka bonde lenu hadi sayari nyingine, jina likabebwa kama lilivyo.

Na kama lilivyokosewa, maana Wamaasai wanasema Oldupai, jina la mkonge mwitu unaoota pale. Mzungu alisikia vibaya mwaka 1911, kosa likaingia vitabuni, na sasa limefika Mars. Tena ile mifupa ya mama wakaiita Lucy, na Lucy halisi, mifupa maarufu ya jamii ya binadamu wa kale, alipatikana Ethiopia mwaka 1974! Bondeni kwenu, fuvu lililotikisa dunia ni la Zinjanthropus, aliloliona Mary Leakey mwaka 1959. Mtu aliyeandika filamu hii alikuwa na kitu kizuri mkononi. Laiti angekaa nacho dakika kumi zaidi, mimi ningemsamehe hata kuwaacha mashetani. Badala yake mifupa inaonyeshwa, inasifiwa, kisha watu wanaanza kukimbia.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia. Eti jozi ya 24 ya kromosomu inampa mtu nguvu za ajabu? (Msomaji, Kigoma)

Mwalimu, wewe uko jirani na jibu. Binadamu ana jozi 23. Mwenye jozi 24 ni sokwe, na hapo Gombe wapo wengi, hakuna aliyetoboa ukuta kwa kichwa. Hata kiazi mviringo kina kromosomu 48. Filamu inasema jozi hiyo humfanya mwema kuwa shujaa na mbaya kuwa zimwi, kwamba uovu umeandikwa kwenye jeni. Waliikimbia dini wakaangukia kwenye ramli. Kama ni kuamini jambo lisiloaminika, si bora shetani?

Lakini kile kipande cha bunduki mbele ya kioo, mbona kila mtu anakisifu? (Msomaji, Mombasa)

Nami nakisifu. Ni kama dakika tano hivi, karibu na mwisho. Dada mtu, Rosamund Pike, anamdunga kaka yake dawa ile ya kromosomu. Kaka huyo, Karl Urban, anapoteza fahamu, akizinduka kamera imekuwa macho yake. Unaona mtutu tu na mikono. Mlango, kona, zimwi, risasi, kona nyingine. Kisha msumeno wa mnyororo unanguruma na Pinky, zimwi mmojawapo wa gemu, anakuja mbio. Kibandani kwetu watu walikuwa wanakwepa kwa mabega.

Nimesikia hoja kwamba ni kama kumtazama binamu yako akicheza gemu huku hakupi pedi ya kuchezea. Kweli. Ila ni mahali pekee ambapo filamu haikuona haya kuwa Doom.

The Rock ndiye steringi kwenye posta, kwa nini amegeuzwa adui? (Msomaji, Dodoma)

Kwa sababu hilo ndilo wazo la kijasiri pekee la hadithi nzima. Sarge, ndiye The Rock humo ndani, anaanza kama kamanda wa kutii amri, amri zinazidi kuwa mbaya, naye anazidi kutii. Aliyecheza hakuifikia nafasi hiyo wakati ule, lakini kosa si la wazo. Mashabiki walilichukia kwa sababu walilipia steringi. Bajeti haikupungua dola milioni 60, na sinema za dunia nzima hazikuirudisha.

Ile ya 2019 niitafute? (Msomaji, Bujumbura)

Doom: Annihilation. Haikwenda sinema, ilitoka moja kwa moja kwa kutazama nyumbani, na id Software wenyewe walitangaza hadharani kwamba hawamo. Mashetani wamerudishwa, Jehanamu pia ipo, ya dakika chache na ya bei nafuu. Itazame siku una nguo nyingi za kupiga pasi.