Maswali ya wapiga picha: salamu kwanza, kamera baadaye

Nina milioni moja na nusu. Ninunue kamera gani nianze kupiga mandhari? (Msomaji, Dodoma)

Nimelijibu mwezi uliopita, na mwezi wa kabla yake pia. Nunua iliyotumika, lenzi moja, usikubali yenye kutu kwenye sehemu ya betri. Chenji yote weka kwenye nauli, kwa sababu mandhari hufuatwa huko iliko.

Je, simu inatosha? (Msomaji, Kigoma)

Inatosha. Futa kioo cha lenzi kila mara kabla hujapiga. Picha nyingi mnazoniletea mkilalamikia ukungu zina mafuta ya vidole tu.

Nimekaa Moshi siku tatu, nikitoka baada ya chai, Kilimanjaro sijauona. Nilikosea wapi? (Msomaji, Morogoro)

Kwenye hiyo chai. Mara nyingi saa tatu ikifika mawingu yameshapanda na kuufunika, kisha unaweza kufunuka tena jioni. Toka saa kumi na moja alfajiri, simamisha kamera gizani, usubiri. Kibo, kilele cha mlima huo, hupata jua dakika kadhaa kabla ya mjini, kwa hiyo utaiona barafu ikianza kuwaka huku barabarani taa za bodaboda bado zinamulika. Huku kwetu karibu na ikweta jua hupanda wima, na ule mwanga laini hauchukui muda. Ukichelewa nusu saa, umeukosa. Rudi Januari au Februari, kabla masika hayajaanza.

Tena weka kitu mbele: mgomba, paa la bati, mtu anayekwenda shamba. Kilele cha mita 5,895 kikibaki peke yake kwenye picha huwa kama kichuguu, na anayetazama hana pa kupimia ukubwa wake.

Nataka lenzi ndefu nipige watu Kariakoo bila wao kujua, maana wakijua wanakunja uso. Ipi nzuri? (Msomaji, Dar es Salaam)

Sitakutajia. Maswali ya namna hii yamekuja manne, na yote yanauliza jinsi ya kumchukua mtu asijue. Mama anayepanga nyanya mafungu sokoni si twiga. Akikunja uso, amekujibu, na jibu lake ni hapana.

Mwaka 1930 mpiga picha Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio pale Mji Mkongwe, Zanzibar. Mtu aliyeingia studio enzi zile alikuwa amechagua nguo, amechana nywele, ameamua mwenyewe aonekaneje. Kuna heshima pale ambayo sisi tunaopiga mitaani tumeipoteza, na ninataka tuirudishe.

Mimi niliwahi kumtamani mzee mmoja muuza kahawa, mkono mmoja umeshika birika, mwingine unagonganisha vikombe. Siku ya kwanza kamera ilibaki mkobani. Nilimwamkia shikamoo, nikakaa barazani, nikanywa kahawa na kashata. Siku ya tatu akaniuliza mwenyewe, "Hiyo mashine yako huitoi?" Nikapiga picha sita, akiwa anamimina wala hanijali, kwa lenzi ya kawaida, umbali wa mkono. Nikaenda kuzisafisha, nikamrudishia moja. Aliishika kwa ncha za vidole pembeni, asiiguse katikati, akaitazama kimya. Kisha akaomba ya pili, ampelekee mwanawe Muscat.

Kwa hiyo fedha ya lenzi ndefu safishia picha, wape wenyewe. Na watoto wa watu usiwapige bila mzazi kuwepo na kukubali, hata wakikukimbilia wakipiga kelele "nipige, nipige". Kukubali kupigwa si kukubali kurushwa mtandaoni, nako kuombee ruhusa.

Askari alinizuia kupiga picha getini bandarini. Ana haki? (Msomaji, Tanga)

Ndiyo. Bandari, viwanja vya ndege, kambi za jeshi, vituo vya polisi, Ikulu: mkoba ubaki umefungwa. Jibu kwa upole, ondoka. Droni nayo ina vibali vyake. Usiirushe kwanza ndipo uulize.

Picha zangu za Idd, kanzu zinaonekana vizuri ila nyuso zimekuwa giza. Kamera mbovu? (Msomaji, Mombasa)

Haijaharibika. Kamera hupima mwanga ikidhani kila kilicho mbele yake kina wastani wa kijivu. Kanzu nyeupe zikijaa, inaona mwanga umezidi, inapunguza, na nyuso zinazama. Gusa uso kwenye skrini ipime pale, kisha ongeza mwanga mpaka ngozi ionekane ilivyo. Mikunjo ya kanzu ikianza kupotea, rudisha kidogo. Bora zaidi, watoe juani, wakae barazani kivulini wakitazama nje.

Na zile programu za kung'arisha ngozi zifute kabisa kwenye simu. Mtu mweusi amekuja kwako apigwe picha, umrudishie sura yake.

Niende lini Paje au Jambiani, Zanzibar, kupiga wakulima wa mwani? (Msomaji, Arusha)

Usitazame kalenda ya likizo, tazama mwezi. Nenda siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, ambapo tofauti ya maji kujaa na kupwa hufika karibu mita nne na mashamba yote huachwa wazi. Wakati wa maji mafu, siku ambazo bahari haipwi sana, utakuta vigingi vya kufungia kamba za mwani vimefunikwa. Maji ya bamvua hupwa mpaka mwisho kwenye saa nne asubuhi, jua kali, lakini mchanga mweupe hurudisha mwanga juu mpaka chini ya ukingo wa kofia na mtandio.

Wengi wao ni wanawake, na kilimo hiki wanacho pale tangu 1989. Wana saa chache kabla maji hayajarudi, kwa hiyo usimsimamishe mtu akupozie. Vaa viatu vya majini, uchukue upande mmoja wa kamba umsaidie kufunga mbegu, yaani vipande vya mwani vya kupandia, halafu uombe.